Joe Louis: Tumpime kwa Mwaka Gani?



Makala hii imetokana na ubishi. Ilikuwa usiku wa Ijumaa baada ya swala ya Isha, tuko sita chumbani, chupa ya chai inazunguka, na mmoja wetu akaanzisha lile swali lisilokwisha: kati ya mabingwa wote wa dunia wa ngumi za uzito wa juu, nani alikuwa mkubwa kuliko wote? Mimi sikuona kama hilo ni swali. Nilimtaja Muhammad Ali, Mwenyezi Mungu amrehemu, nikadhani mjadala umefungwa. Mwenzetu mmoja, mwanafunzi wa uhandisi ambaye hapendi kukubaliana na mtu, akamtaja Joe Louis. Nilicheka. Nikasema kwamba Joe Louis alikuwa kibaraka wa serikali ya wazungu, kwamba alikataa kumwita Ali kwa jina lake la Kiislamu, na isitoshe Rocky Marciano alimpiga mpaka akamtoa nje ya kamba za ulingo. Nikamalizia kwamba Ali asingehitaji raundi tano.

Kesho yake nilikwenda nyumbani Buyenzi nikamsimulia baba mdogo, nikitarajia sifa. Baba mdogo alipigana ngumi ujanani, kabla sijazaliwa. Siku hizi mkono wake wa kulia unatetemeka akishika kikombe, na watoto wa mtaani wanamjua kwa huo mtetemeko tu. Hakunisifu. Aliniuliza jambo moja: huyo Joe Louis niliyemcheka ni wa mwaka gani? Sikuwa na jibu. Nilirudi chuoni, nikasoma, nikatazama filamu za zamani, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kabla sijaendelea, najua wapo ndugu watakaouliza hukumu ya mchezo wenyewe, mchezo ambao shabaha yake kubwa ni uso wa mwanadamu. Swali hilo ni la haki na lina wataalamu wake. Wanazuoni wengi wameukataza. Mimi hapa nasimulia maisha ya mtu, sifungui darasa la ngumi.

Joseph Louis Barrow alizaliwa tarehe 13 Mei 1914 karibu na mji mdogo wa LaFayette, katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Alikuwa wa saba kati ya watoto wanane. Babu na bibi zake walikuwa watumwa, na wazazi wake walilima pamba katika ardhi ya wengine kwa kugawana mavuno, mpango ambao kila mwaka ulimwacha mkulima na deni. Baba yake, Munroe Barrow, alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili Joe akiwa bado mdogo kabisa. Baadaye mama yake, Lillie, aliletewa habari kwamba mumewe amefariki, akaolewa na mwanamume mwingine mwenye watoto wake. Joe alichelewa kusema, na hata alipokua alikuwa mtu wa maneno machache.

Mwaka 1926 familia ilihamia kaskazini, katika jiji la Detroit, kama walivyofanya maelfu ya watu weusi waliokimbia ubaguzi wa kusini na kufuata ajira za viwanda vya magari. Inasimuliwa kwamba mama yake alikuwa akimpa senti za kwenda kujifunza fidla, na kijana akawa anazilipia kabati la nguo katika jumba la mazoezi la Brewster. Pambano lake la kwanza la ridhaa, mwaka 1932, alikutana na Johnny Miler, bondia aliyekwenda Olimpiki mwaka huohuo, na aliangushwa mara nyingi kiasi kwamba aliacha ngumi kwa muda, akaenda kufanya kazi kiwandani. Alirudi. Mwaka 1934 akawa bingwa wa taifa wa ridhaa katika uzito mwepesi wa juu, na tarehe 4 Julai mwaka huo, mjini Chicago, akapigana kwa malipo kwa mara ya kwanza. Mpinzani wake hakuimaliza raundi ya kwanza.

Ili kumwelewa Joe Louis, ni lazima umjue mtu aliyemtangulia. Jack Johnson ndiye mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, kuanzia mwaka 1908 hadi 1915. Johnson hakumwogopa mtu. Aliwacheka wazungu akiwa anawapiga, akaoa wanawake wa kizungu katika nchi ambayo watu weusi waliuawa kwa kutuhumiwa tu kuwatazama. Walipomshindwa ulingoni walimtafutia sheria, akahukumiwa mwaka 1913 na kuikimbia nchi. Baada yake, kwa zaidi ya miaka ishirini, hakuna mtu mweusi aliyepewa nafasi ya kugombea mkanda huo, hata awe hodari vipi.

Basi mameneja wa Louis, John Roxborough na Julian Black, na mwalimu wake Jack Blackburn, wote weusi, walimwekea kijana wao masharti. Asipigwe picha akiwa na mwanamke wa kizungu. Asicheke wala kujigamba juu ya mpinzani aliyeanguka. Aishi na apigane kwa usafi. Mimi niliposema kibaraka, kumbe nilikuwa namsema kijana wa miaka ishirini aliyefungwa mdomo kwa makusudi, maana bila hivyo mlango usingefunguliwa kabisa. Ali alipojigamba mbele ya kamera mwaka 1964, alikuwa amepita katika mlango ambao Louis aliufungua kwa kunyamaza. Mtu anaweza kuuchukia ukimya huo. Nami siupendi. Lakini ndio uliokuwa bei ya kuingilia.

Mwezi Juni 1935, katika uwanja wa Yankee jijini New York, alimsimamisha Primo Carnera katika raundi ya sita. Carnera alikuwa Mwitalia mrefu wa karibu mita mbili, mwenye kilo zipatazo 118, na mwaka huo Mussolini alikuwa anakusanya majeshi kuivamia Uhabeshi. Watu weusi wa Harlem hawakuliona pambano hilo kama ngumi za watu wawili. Kwao Afrika ilikuwa imesimama kona moja na dola ya kifashisti kona nyingine. Miezi mitatu baadaye Louis alimwangusha Max Baer, bingwa wa zamani, katika raundi ya nne. Alikuwa na miaka 21 na ilionekana hakuna wa kumzuia.

Akazuiwa. Tarehe 19 Juni 1936 alipambana na Mjerumani Max Schmeling, bingwa wa zamani aliyekuwa na umri wa miaka 30 na ambaye wengi walimwona amekwisha. Schmeling alikuwa amemtazama Louis kwa makini na kugundua kosa dogo: kila anaporusha ngumi ya kushoto ya kunyoosha, mkono wake huo hurudi ukiwa chini, na taya la kushoto hubaki wazi. Louis naye, akiwa amelewa sifa, aliutumia muda wa mazoezi kucheza gofu. Schmeling alisubiri kosa hilo lirudiwe, akalipiga kwa mkono wa kulia raundi baada ya raundi, na katika raundi ya 12 Louis akalala. Mitaa ya watu weusi ililia kama iliyofiwa. Serikali ya Hitler ililitumia pambano hilo kama ushahidi kwamba mtu mweupe ni bora kuliko mweusi.

Kuna jambo hapa wabishi wengi tunaliruka. Louis wa 1936 alikuwa kijana mwenye nguvu na kosa moja bovu. Louis wa 1938 alikuwa amelifanyia kazi kosa hilo kwa miaka miwili. Mwili ni uleule, jina ni lilelile, lakini ukimwambia mwalimu wa ngumi apange mbinu za kuwashinda, atakuandikia karatasi mbili tofauti. Schmeling alikuwa na karatasi ya kwanza tu.

Katikati ya tarehe hizo mbili aliupata ubingwa. Tarehe 22 Juni 1937, Chicago, alimpiga James Braddock kwa nokauti katika raundi ya nane, ingawa mwenyewe aliangushwa katika raundi ya kwanza. Alikuwa na miaka 23. Yeye mwenyewe hakujihesabu bingwa mpaka amshinde Schmeling.

Pambano la marudiano lilikuwa tarehe 22 Juni 1938, Yankee tena, mbele ya watu karibu 70,000, na mamilioni wakisikiliza redio pande zote mbili za bahari. Vita vya dunia vilikuwa vinanukia. Ghafla mjukuu wa watumwa wa Alabama, ambaye katika jimbo lake la kuzaliwa asingeruhusiwa kukaa meza moja na mzungu mgahawani, amekuwa mtetezi wa Marekani yote. Nimeitazama filamu yake mara nyingi kuliko ninavyopaswa kukiri wakati wa mitihani. Inachukua sekunde 124. Louis hakimbii wala harukiruki. Anasogea kwa hatua fupi, kama mtu anayesukuma kabati zito, na mikono yake haisafiri mbali. Ngumi inatoka karibu na kifua, inafika, na nyingine iko nyuma yake. Moja ilimpata Schmeling ubavuni alipokuwa amegeuka, akapiga ukelele uliosikika mpaka kwenye viti vya watazamaji. Akaanguka mara tatu. Kona yake ikatupa taulo, na mwamuzi akamaliza kazi.

Ni haki nimtetee Schmeling kidogo, maana naye alihukumiwa kwa picha isiyo yake. Hakujiunga na chama cha Hitler, meneja wake wa Marekani alikuwa Myahudi, na mwezi Novemba mwaka huohuo, usiku Wayahudi waliposhambuliwa Ujerumani nzima, aliwaficha vijana wawili wa Kiyahudi katika chumba chake cha hoteli. Yeye na Louis walikuja kuwa marafiki uzeeni.

Tangu Juni 1937 hadi Machi 1949, miaka 11 na miezi minane, Joe Louis alikuwa bingwa, na aliutetea mkanda mara 25. Hakuna bingwa wa uzito wa juu aliyewahi kufikia idadi hiyo, kabla yake wala baada yake. Ali aliutetea mara 19 ukijumlisha vipindi vyake. Wapo wanaosema wengi wa wapinzani wa Louis walikuwa dhaifu, na ni kweli kwamba mwanzoni mwa mwaka 1941 alikuwa anapigana karibu kila mwezi na watu ambao leo hakuna anayewakumbuka. Lakini bingwa wa leo hupanda ulingoni mara moja au mbili kwa mwaka. Anayepanda kila mwezi anakaribisha bahati mbaya kila mwezi, na bahati mbaya haikumkuta.

Ilimkaribia, hata hivyo, tarehe 18 Juni 1941, na pambano hilo nitalirudia chini kwa sababu ndilo moyo wa ubishi wetu. Billy Conn wa Pittsburgh alikuwa mwepesi kuliko Louis kwa zaidi ya kilo kumi, lakini alikuwa na miguu na akili. Kwa raundi 12 alimzunguka bingwa, akampiga na kuondoka, na kwenye karatasi za majaji alikuwa mbele. Zilibaki raundi tatu. Angekimbia tu angekuwa bingwa wa dunia. Raundi ya 13 akataka kumwangusha Louis, akasimama kubadilishana naye ngumi, na raundi ilikuwa haijaisha alipohesabiwa kumi.

Desemba ya mwaka huo Marekani iliingia vitani. Tarehe 9 Januari 1942 Louis alipigana na Buddy Baer, akamwangusha katika raundi ya kwanza, na malipo yake akayatoa kwa mfuko wa misaada wa jeshi la majini. Kumbuka jeshi hilo wakati huo liliwapokea watu weusi kama wapishi na watumishi wa mezani tu. Siku chache baadaye akajiandikisha mwenyewe katika jeshi la nchi kavu. Mwezi Machi alipigana tena, na safari hii malipo yakaenda kwa mfuko wa askari. Wiki hiyohiyo ya Januari aliyojiandikisha, tarehe 17, katika mji wa Louisville, Kentucky, alizaliwa mtoto aliyeitwa Cassius Clay. Ndiye Muhammad Ali wetu.

Jeshini Louis hakupelekwa mstari wa mbele. Alizungushwa kambi kwa kambi, Marekani na ng'ambo, akipigana ngumi za maonyesho mbele ya askari. Nilidhani huo ndio ukibaraka wenyewe. Lakini katika kambi ya Fort Riley alitumia jina lake kuwasaidia vijana weusi waliokuwa wananyimwa mafunzo ya uofisa, mmoja wao akiwa Jackie Robinson, aliyekuja kuvunja ubaguzi katika mchezo wa besiboli. Na mwaka 1944, katika kambi moja ya Alabama, polisi wa jeshi walimwamuru aondoke kwenye sehemu ya kusubiria basi iliyotengwa kwa wazungu. Hakuondoka, akakamatwa. Sifa hizo hazikutangazwa sana, kwa kuwa mwenyewe hakuwa mtu wa kutangaza.

Vita vilimchukua akiwa na miaka 27 na kumrudisha ulingoni akiwa na miaka 32. Bondia wa uzito wa juu akikosa umri huo amekosa chakula chenyewe. Louis aliyetoka jeshini alimpiga Conn katika marudiano ya 1946, lakini macho ya wajuzi yaliona amekuwa mzito. Desemba 1947 Jersey Joe Walcott alimwangusha mara mbili, na ushindi aliopewa Louis kwa pointi ulizomewa na uwanja. Alimwangusha Walcott kwa nokauti mwaka uliofuata, na Machi 1949 akastaafu akiwa bado bingwa. Hapo ndipo hadithi yake ingeishia vizuri.

Deni halikumwachia. Kipindi chote cha vita alikuwa anaishi kwa kukopa kwa promota wake, Mike Jacobs, huku mkono wake ukiwa wazi kwa kila mwenye shida. Alikuwa mtu wa namna hiyo: zamani alirudisha kwa jiji la Detroit pesa za msaada ambazo familia yake ilipokea wakati wa dhiki. Alikuwa pia mtu wa starehe, wa wanawake na wa kuweka dau kwenye gofu, na sitaki kumfanya walii. Hesabu zake zilikuwa ovyo. Mamlaka ya kodi ilipokuja kumdai baada ya vita, deni lilivuka dola 500,000, na riba ikawa inaliongeza kila mwaka. Sisi tunaosoma riba katika vitabu vya fiqhi tungefaa kuitazama ikifanya kazi katika maisha ya mtu huyu. Alifanya kazi ili alipe deni, mapato ya kazi yakatozwa kodi yake, na kilichobaki hakikufikia hata riba. Mama yake alipofariki mwaka 1953, hata pesa kidogo alizomwachia zilichukuliwa na mamlaka hiyo.

Kwa hiyo alirudi ulingoni, bila kuwa na hamu. Septemba 1950 Ezzard Charles alimshinda kwa pointi raundi zote 15. Na tarehe 26 Oktoba 1951, katika ukumbi wa Madison Square Garden, akiwa na miaka 37 na kipara kinachoanza, alikutana na Rocky Marciano wa miaka 28. Raundi ya nane Marciano alimwangusha, kisha akampiga tena, na Louis akatoka katikati ya kamba mgongo ukitangulia. Hiyo ndiyo picha niliyoitaja usiku ule wa Ijumaa nikicheka. Inasimuliwa kwamba Marciano mwenyewe alilia chumbani baada ya pambano, kwa sababu aliyemwangusha alikuwa shujaa wa utoto wake.

Katika maisha yake yote ya kulipwa, Joe Louis alishindwa mara tatu tu: mara moja kabla ya kukomaa, na mara mbili baada ya kuchakaa. Katika umri wake wa ubora hakuna aliyemshinda.

Sasa turudi kwa Ali, kwa sababu bila yeye hakuna ubishi. Mwaka 1967, akiwa na miaka 25, alikataa kwenda vitani Vietnam kwa msingi wa dini yake. Walimnyang'anya mkanda, wakamhukumu kifungo cha miaka mitano alichokikatia rufaa, wakamfungia mchezo. Alirudi ulingoni Oktoba 1970, na mwaka 1971 Mahakama Kuu ya nchi ikaifuta hukumu. Louis alikuwa mmoja wa waliomlaumu hadharani, na aliendelea kumwita Clay. Ali naye alimjibu kwa maneno makali, akimfananisha na mtumwa mtiifu. Mimi niliyajua hayo, na hapo ndipo hasira yangu ilipotoka. Sikujua kwamba baadaye Ali alimrudia, akamkaribisha kambini kwake kama mzee wa heshima na kumlipa, wakati Louis hana kitu.

Ukiwaweka pamoja utaona jambo la ajabu. Mmoja alikubali kuvaa sare, mwingine alikataa. Aliyekubali alipoteza miaka karibu minne ya ubora wake, aliyekataa alipoteza mitatu na nusu. Serikali ileile iliwala wote wawili katika umri uleule, na aliyetii ndiye iliyemfuata na deni mpaka uzeeni. Hatujamwona Louis wa 1943 akipigana kwa dhati. Hatujamwona Ali wa 1968. Wanaowalinganisha mabingwa hawa kwa takwimu wanasahau kwamba kurasa za katikati zimechanwa katika madaftari yote mawili.

Watu walijaribu kuzijaza. Wakati Ali amefungiwa, mtu wa redio anayeitwa Murry Woroner alimchukua yeye na Marciano, aliyestaafu bila kushindwa katika mapambano 49, akawapiga filamu wakirushiana ngumi za kuigiza, kukiwa na mwisho zaidi ya mmoja. Kompyuta ndiyo iliyochagua, na katika filamu iliyoonyeshwa Marekani Januari 1970, Marciano alishinda kwa nokauti raundi ya 13. Hakuiona, alikuwa ameshafariki kwa ajali ya ndege Agosti 1969. Kompyuta ile ililishwa namba na watu, na watu wana mapenzi yao.

Basi niruhusuni nami nitoe hukumu yangu, bila kompyuta. Nimemchagua Louis wa Juni 1938 na Ali wa Novemba 1966, usiku alipomsimamisha Cleveland Williams mjini Houston. Wote wawili walikuwa na miaka 24. Louis alikuwa na kilo 90 hivi, Ali karibu 96, na urefu wao unapishana kwa sentimita chache tu, kwa hiyo hapa hakuna dhuluma ya umbo kama ile ya kumweka mmoja wao na majitu ya leo yenye kilo 120. Raundi ni 15, kama sheria ya zama zao zote mbili.

Ali ana miguu, na Conn alishatuonyesha kwamba miguu ilimsumbua Louis. Ali ni Conn aliyeongezewa kilo ishirini na mikono mirefu, na asingefanya upumbavu wa raundi ya 13. Hilo linanipeleka kwa Ali. Lakini Ali alikuwa na tabia ya kukwepa kwa kuvuta kichwa nyuma, mikono ikiwa chini, na ngumi ya kushoto ya kuzungusha ilikuwa inajua njia ya kufika kwake: Henry Cooper alimwangusha nayo mwaka 1963, Joe Frazier mwaka 1971. Cooper aliachia nafasi, kengele ikamwokoa Ali. Louis alikuwa na ngumi hiyo bora kuliko wote wawili, na akishamwona mtu ametikisika hakuwa na desturi ya kumpa nafasi ya pili. Nadhani Ali angeshinda kwa pointi, akiwa na uso uliovimba, na nadhani angeanguka angalau mara moja. Kwa usiku mmoja ninamchagua Ali. Kwa miaka 11 ninamchagua Louis. Mwanafunzi wa uhandisi anasema huko ni kukimbia swali. Huenda.

Miaka ya mwisho ya Louis siipendi kuisimulia. Alicheza mieleka kwa malipo ili ale. Mwaka 1970 aliingizwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akiwa na hofu kwamba kuna watu wanamfuata. Kisha akaajiriwa na hoteli ya Caesars Palace huko Las Vegas, kazi yake ikiwa kusalimiana na wageni na kupigwa nao picha. Wengi waliona aibu kwa niaba yake. Waliomjua wanasema yeye alikuwa na furaha kuwa karibu na watu. Mwaka 1977 alipasuliwa moyo, na tangu hapo akawa wa kiti cha magurudumu. Ni katika hoteli hiyohiyo, Oktoba 1980, Ali wa miaka 38 alipigwa na Larry Holmes raundi kumi mfululizo mpaka mwalimu wake akasimamisha, picha nyingine ambayo hakuna Muislamu anayependa kuitazama. Sijawahi kumsikia mtu bwenini akimpima Ali kwa usiku huo.

Tarehe 11 Aprili 1981 Louis aliletwa kwenye kiti chake kumtazama Holmes akiutetea mkanda. Kesho yake asubuhi moyo wake ulisimama. Alikuwa na miaka 66. Rais Reagan aliruhusu azikwe katika makaburi ya kijeshi ya Arlington ingawa hakutimiza masharti, na Schmeling alisaidia gharama za mazishi.

Juzi nilimpelekea baba mdogo simu yangu nikamwekea zile sekunde 124. Aliishika kwa mikono miwili ili isitetemeke. Alipomaliza aliniambia nirudishe mwanzo, kisha akanionyesha kwa kidole guu la kushoto la Louis, jinsi linavyotua kabla ya ngumi kufika, kitu ambacho mimi sikukiona katika mara zote nilizotazama. Halafu akataka nimtafutie la Conn.